Kipande Tulichokikosa Redioni

Wimbo wa redioni ukishapita umepita. Hilo ndilo lililotulea sisi vijana wa Ilala tuliotamani kupiga gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Redio kaseti ilikuwa ya wenye nacho, na santuri mpya kuziona dukani ilikuwa bahati. Tulichokuwa nacho ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi cha muziki wa dansi kilitukuta tumeshajipanga uani: mmoja kakabidhiwa kusikiliza solo, mwingine ridhimu, mwingine besi. Mtangazaji akiitaja bendi ya Mlimani Park, au Sikinde kama tulivyoiita kwa jina la mtindo wake, hata dada zetu waliokuwa wakiosha masufuria waliacha kuyagonganisha.

Gitaa lenyewe tulilitengeneza kwa mbao za sanduku. Nyuzi zilikuwa za waya wa breki za baiskeli, tulizozifumua uzi mmoja mmoja, na zilichana vidole hadi vikaota sugu. Wimbo ukiisha, kila mtu alitoa alichokinasa kabla hakijamtoka kichwani. Siku redio ilipopiga “Neema” ya Mlimani Park tulipata mwanzo, tukapata kiitikio, lakini katikati palibaki pengo. Tulibishana wee, mwisho tukaliziba kwa kitu chetu, ilimradi wimbo usikatike.

Jirani yetu mmoja alikuwa mpiga ridhimu wa bendi ndogo ya baa. Alitukuta tukiupiga, akasimama na kanzu yake ya Ijumaa.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Hebu rudieni.”

Tukarudia. Akainamisha kichwa, mara akanyoosha kidole. “Hapo nani kawafundisha?”

“Hapo tulipasahau, mjomba.”

“Basi hapo ndipo penu. Kwingine kote mnapiga cha Sikinde.”

Maneno hayo yamekaa nami miaka yote, kwa sababu muziki wa dansi wenyewe ulizaliwa hivyo. Santuri za Cuba za chapa ya GV zilianza kuenea Afrika tangu miaka ya 1930, na wapigaji wa bara hili wakaiga, wengine wakiimba hata Kispanyola wasichokielewa. Pale Morogoro, Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba waziwazi. Lakini alitunga kwa Kiswahili, na Kiswahili kina mwendo wake: sauti ikavutwa pasipovutwa kule Cuba, gitaa likalazimika kuisubiri. Kisha rumba ya Kongo ikatufunika, nayo tukaiiga kwa moyo mmoja.

Kilichotuokoa, kwa maoni yangu, ni mtindo, yaani mapigo ya bendi yenye jina lake. Bendi ya Dar bila mtindo haikuwa bendi. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilikuwa na Sikinde. Juwata walikuwa na Msondo. Majina yote mawili yametoka kwenye ngoma za Wazaramo, wenyeji wa mji. Mashabiki hawakumsamehe aliyechanganya mitindo. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka Juwata kwenda Mlimani Park, sauti yake aliondoka nayo, lakini Msondo aliuacha. Ilimbidi aingie kwenye Sikinde, mikononi mwa Michael Enoch, aliyejua kuyafanya magitaa na tarumbeta yaulizane na kujibizana bila kukanyagana. Wimbo ulianza taratibu, ukasimulia kisa cha watu, halafu ukafika kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kucheza, na hapo hata kipofu angekuambia ni kina nani wanaopiga.

Kaseti zilipozagaa tukafurahi, maana sasa tuliweza kurudisha nyuma mara tunazotaka. Mapengo yakaisha. Baada ya muda nikaona mtaani petu vijana wanapiga vizuri kuliko sisi, noti kwa noti, na huwezi kuwatofautisha. Katika miaka ya 1990 nikasikia bendi zetu zikighani na kupayuka kwa Kilingala ili zifanane na Kinshasa, na iliniuma. Najua wazee wao walifanya hivyo hivyo kwa Kispanyola. Ila wazee walipita hapo wakaendelea na safari.

Siku hizi mwishoni mwa wiki bendi za zilipendwa zinajaza kumbi, nami huenda. Wanaopiga wana adabu na kazi. Utasikia “Neema” kamili, kinanda kikiwa kimeshika zamu ya tarumbeta na saksafoni, na watu wazima wenzangu wanasimama kucheza wakiwa na machozi. Sina ugomvi na machozi hayo, hata mimi hunitoka. Lakini bendi ikipumzika humfuata mpiga solo, nikamuuliza kama wana wimbo waliotunga wenyewe. Karibu wote wanao, wanaona haya tu kuupiga mbele ya wazee. Namsihi waupige. Na wakiupiga, hata ukiwa bado mbichi, noti yangu ya kutunza huwa ni kwa wimbo huo.