Namba Mbili za Honda ya Mjomba

Mjomba hakuwa mwalimu, lakini mfukoni hakukosa kipande cha chaki. Alikuwa bwana shamba, akizungukia wakulima wa mpunga na mihogo kutoka Bungu hadi Ikwiriri juu ya Honda CG 125 nyekundu aliyoipata mnadani mwishoni mwa miaka ya 1980, Kibiti ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji. Kila alipoiosha alimwita mpwa wake, mtoto wa darasa la nne, ambaye ndiye anayeyaandika haya. Alipaka chaki shingoni mwa pikipiki, pale usukani unapoingia kwenye fremu, kisha akaifuta kwa kitambaa. Chaki iliganda ndani ya mikwaruzo ya namba, nazo zikasomeka nyeupe juu ya wekundu. Halafu alijilaza chini, akafanya hivyo hivyo kwenye kasha la injini, upande wa kushoto.

"Soma."

Mpwa alisoma kwa sauti, mjomba akifuatisha kwa kidole kwenye kadi. Namba ya chasisi, sawa. Namba ya injini, sawa. Siku moja mtoto akauliza kilichokuwa kikimkera: mbona hizi mbili hazifanani?

"Mke na mume huitwa jina moja?" mjomba alijibu. "Kinachotakiwa ni wawe kwenye cheti kimoja."

Jibu lile lilikuwa la kweli kuliko mtoto alivyoweza kujua. Kiwandani, fremu za Honda ile zilianza na CG125 na injini zikaanza na CG125E, kisha kila moja ikafuata mfululizo wake wa tarakimu. Si viwanda vyote vilivyofanya hivyo. Triumph ya Uingereza, iliyoundwa Meriden, kwa miaka mingi iligongwa namba ileile kwenye injini na kwenye fremu, na kuanzia 1969 kiwanda kiligonga kwanza nembo ndogondogo za Triumph mahali pa namba, ili mtu akipitisha tupa ajulikane. Harley-Davidson za kabla ya 1970 zilisajiliwa kwa namba ya injini peke yake. Kwa hiyo mtu anayesema pikipiki ya kale "imelingana namba" anasema jambo tofauti kwa kila kiwanda. Hata hivyo kwa wakusanyaji wa pikipiki za kale bei inasimama hapohapo: injini iliyotoka na fremu yake siku moja, au injini ya kuokoteza.

Kibiti ya wakati ule hakuna aliyekusanya chochote isipokuwa korosho. Pikipiki zilikuwa chache kiasi kwamba watu walizijua kwa mlio. Mama yake mpwa alikuwa na desturi ya kuinjika maji ya chai akisikia Honda ikipanda kutoka barabara kuu, na hakuwahi kumchemshia maji mgeni mwingine kwa kukosea. Chaki ya mjomba ilionekana kama kiherehere cha mtumishi wa serikali.

Kilichobadilisha mambo ni maji ya chumvi. Katika vijiji vya delta ya Rufiji barabara ni mkondo, na pikipiki huenda huko ikiwa abiria. Mwaka mmoja katikati ya miaka ya 1990, mjomba aliipakia Honda kwenye mashua pale Nyamisati, upepo ukageuka, wimbi likaingia. Pikipiki ilishinda kutwa nzima na maji ya bahari tumboni. Waliiwasha tena, ikaenda wiki mbili, kisha injini ikanoki. Mjomba alikwenda Gerezani, Dar es Salaam, akarudi na injini nyingine ya CG imefungwa kwenye gunia juu ya basi. Fundi aliifunga kwa nusu siku. Ile ya zamani ikaachwa chini ya mwembe.

Jioni hiyo chaki ilitoka tena. Mpwa, sasa kijana wa sekondari, alisoma namba mpya. Mjomba akaiandika kwenye daftari lake la mvua na mbegu, akabana na risiti ya Gerezani kwa pini. Kadi hakuibadilisha. Cheti kikabaki na jina la mke wa kwanza.

Wazee wa delta hawakuona ajabu chuma kuhama mwili. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilizama kwenye mikondo hiyohiyo tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10, wakaitengenezea magurudumu, ikaendelea kupigana nchi kavu mbali na bahari. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Mwili wa meli ulibaki Rufiji.

Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa 2003, watu waliacha kusubiri pantoni pale Ndundu, na muda si mrefu barabara ikajaa pikipiki za Kichina. Nyingi zilikuwa wajukuu wa Honda ya mjomba. Injini ya CG, iliyotoka Japani katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa na fimbo za kusukuma vali badala ya mnyororo, maana ilibuniwa kwa nchi ambako pikipiki haifanyiwi sevisi kwa wakati, na viwanda vya China viliiga umbo hilo. Kwenye kasha la nyingi kati ya injini hizo limegongwa neno 156FMI. Mafundi wa Kibiti walijifunza kulisoma: silinda 1, kipenyo chake kama milimita 56, F ya kupozwa kwa upepo, M ya pikipiki, I ya kundi la cc 125. Ukishajua hilo, injini ya moja inaingia kwenye nyingine. Kijiweni ilionekana fremu ya SanLG yenye injini ya Toyo na tangi la pikipiki ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Hapo ndipo namba zilipoanza kutazamwa na watu wengine. Kanuni za 2010 ziliitambua bodaboda kuwa usafiri wa biashara, na mwenye pikipiki akawa mtu wa makaratasi. Mwaka 2017, mauaji yalipotanda Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zilipigwa marufuku kutembea kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi. Mlio ambao zamani uliinjikisha chai sasa uliwafanya watu wazime taa. Dereva aliyesimamishwa mchana alishuka kwanza, akainama mwenyewe kuonyesha namba ya injini kabla hajaulizwa.

Mjomba alipofariki, mpwa alirithi Honda na kwenda kubadilisha umiliki. Mkaguzi akainama, akasoma, akatikisa kichwa. Daftari la mvua na mbegu ndilo lililomwokoa: namba, tarehe, na risiti yenye kutu ya pini. Kadi mpya ikatoka na injini ya Gerezani.

Miaka michache baadaye alifika mgeni kutoka Dar es Salaam, mpenzi wa Honda za zamani. Aliizunguka, akaisifu, akaomba kitambaa. Kisha akasema injini si yake, akakata bei nusu. Mpwa hakubishana, ila alimpeleka kuona CG nyingine anayoijua yenye injini yake ya kuzaliwa. Ilikuwa stoo, haina matairi, mwenyewe aliiegesha mwaka wa pili baada ya kuinunua. Pikipiki zilizofanya kazi delta zote zimeshabadilishwa moyo, nyingine mara tatu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 mafundi walishinda wakikamua tope kwenye injini, na hakuna aliyeuliza iliyopona itarudi kwenye fremu ipi.

Bei ya mgeni ilimtuma mpwa kuitafuta injini ya kwanza. Chini ya mwembe haikuwapo. Aliifuata kwa kuuliza, nyumba hadi nyumba, mpaka Nyamisati, akaikuta imefungwa kamba kwenye mtumbwi wa mvuvi: nanga.

Alikuja na chaki. Lakini alumini iliyokaa chumvini hutoa unga mweupe wake, na alipofuta kwa kitambaa hakujua kipi ni chaki na kipi ni kutu. CG125E ilisomeka. Baada yake tarakimu mbili, labda tatu.

"Unaitaka?" mvuvi aliuliza.

Mpwa aliuliza naye atatia nini badala yake. Mvuvi aliutazama mkondo, maji yalikuwa yanajaa, akaichukua mikononi mwa mpwa na kuitumbukiza.