Wimbo wa Mvua

Kila Jumamosi alasiri ilikuwa zamu ya mama kusafisha kanisa, na mimi ndiye niliyembebea ndoo. Yeye alipiga deki, mimi nikapanguza viti na kutoa vumbi kwenye kinanda. Kilikuwa Yamaha, kimenunuliwa kwa harambee, na akina mama walikuwa wamekifumia kitambaa cha kukifunika. Sikujua kukipiga. Nilijua kitufe kimoja tu, kilichoandikwa DEMO. Ukikibonyeza, kinanda kilijipigia chenyewe: ngoma, besi, filimbi, vyote bila mkono wa mtu. Nilikuwa nikingoja mama atoke kwenda kumwaga maji machafu, nakibonyeza, nacheza katikati ya viti nikiwa bado na tambara mkononi, hadi nisikie ndoo ikigonga kizingiti.

Siku moja ndoo haikugonga. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, na sijui alikuwa pale kwa muda gani. Sikugombezwa. Alisema tu, kwa Kimeru, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: "Hiyo ni ngoma isiyotoka jasho, mwanangu." Mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya. Kwake wimbo ulikuwa kitu cha kuinuliwa na vifua vya watu, ukikohoa unakohoa nao, ukichoka unachoka nao. Alifunika kinanda, akaninyoosha kola, tukaenda nyumbani.

Kwetu ni Kanyakine, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, huku Imenti Kusini, baina ya Nkubu na Igoji. Asubuhi na mapema mlima huwa wazi, vilele vyake vimechongoka kana kwamba vimenolewa usiku. Kufikia saa nne mawingu yameshaufunika. Ukiupa mlima mgongo, nchi inashuka, inashuka, hadi kwenye joto la Tharaka. Kwetu ni kahawa, migomba na makadamia. Chai iko juu zaidi, karibu na msitu. Mwaka 2010 stima ilikuwa imefika sokoni na kanisani, lakini nyumbani kwetu, umbali wa kutembea dakika ishirini, tulikuwa bado na taa ya mafuta. Redio yetu ilikula betri, na betri hizo zilikuwa za mama: za taarifa ya habari, za matangazo ya vifo na za nyimbo za injili za Muuga FM. Betri zikianza kuisha tulizianika juani ili zivute siku mbili zaidi.

Simu tulichajisha sokoni, shilingi ishirini, kwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa cha mabati pande zote, na ndani kulinuka risasi iliyoyeyushwa na chai ya asubuhi. Simu zililala kwa safu juu ya ubao, kila moja na kipande cha karatasi chenye nambari. Redio zilizofumuliwa zilining'inia kwa nyaya zao. Kwenye kona kulikuwa na kompyuta yenye kisogo kikubwa, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipokuwa: ukimpa kadi ya simu anakujazia nyimbo, na kila mtu alijua bei yake. Spika moja, kubwa kama kabati, ilitazama njia. Mtaa mzima ulisikia kile fundi alichotaka usikie, na fundi alitaka mugithi, injili na rege. Alinipenda kwa sababu niliuliza maswali. Aliniacha nikae kwenye kreti ya soda nimtazame akichokonoa.

Mwaka huo Pasaka iliangukia tarehe 4 Aprili. Binamu yangu, mtoto wa dada mkubwa wa mama, alikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na alikuja na matatu ya jioni akiwa amebeba mikate minne na diski moja kwenye bahasha ya karatasi. Juu ya diski alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: 82. Nikadhani ni hesabu ya nyimbo. Nilikimbia nayo kwa fundi nikijua nimebeba nyimbo themanini na mbili, na nilipoona zilizotokea kwenye kioo cha kompyuta hazifiki hata robo, nilitamani kulia. Wala hazikuwa na majina. Binamu alikuwa amenakili kutoka kwa rafiki aliyenakili kwa mwingine, na njiani majina yalidondoka yote. Zilikuja kama watoto wasiobatizwa: wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, wimbo wa tatu.

Fundi akabonyeza wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na naweza kusema kwa hakika kwamba kitu kilisogea ndani yangu.

Si kwamba midundo ya kompyuta ilikuwa ngeni. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, Ogopa Deejays na Calif Records walikuwa wakituchezesha, na E-Sir, aliyefariki barabarani Machi 2003, bado alipigwa kwenye matatu kana kwamba yuko hai. Lakini katika nyimbo zile mashine ilikuwa punda: ilibebeshwa mistari ya mwimbaji ikatembea. Hapa mashine yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiimba. Ilianza na kijisauti kimoja, kikaja kingine kukijibu, besi ikaingia polepole kama mtu aliyechelewa ibadani, halafu ghafla vyote vikawa mbio, na sauti za vijana zikapita katikati bila kupiga kelele. Waliimba kama wanavyozungumza wanafunzi wakitoka darasani, Kiswahili na Kiingereza mdomo mmoja. Nilikuwa naijua sauti ile ya mashine. Ndiyo ile iliyokuwa chini ya kitufe cha DEMO. Ila mle kanisani ilikuwa inajiongelea peke yake, na hapa kuna mtu alikuwa ameifundisha lugha yetu.

"Ni wa wapi hawa?" nikamuuliza binamu.

"Ni wetu. Walisomea chuo chetu."

Sikuamini. Nilimfanya arudie mbele ya fundi.

Majina yao niliyajua baadaye: Blinky Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, kundi lililojiita Just a Band. Walikuwa wametoa albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, mwaka 2008, na hiyo 82 ilikuwa ya pili, ya 2009. Walipiga muziki wao, wakachora wao, wakapiga video zao wenyewe. Wiki chache kabla ya Pasaka ile, Machi 2010, walikuwa wametoa video ya wimbo Ha-He, na humo ndimo alimofufuka Makmende.

Binamu alikuwa ameiona Nairobi na alitusimulia akiwa amesimama katikati ya kibanda, kwa mikono na miguu. Makmende tulikuwa tukimjua kwa jina. Mtoto akijifanya shujaa kwenye mchezo, akitaka kuruka kutoka juu ya mti, aliambiwa, unajifanya Makmende. Wanasema jina hilo lilizaliwa na watoto wa Nairobi waliotamka kwa masikio yao maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya 1983. Na sasa alikuwa amerudi, na kitambaa kichwani na nywele za duara, akichapa wahuni. Nchi nzima ilishikwa. Utani juu yake ulizagaa kwenye simu, magazeti ya ng'ambo yakaandika, ikasemwa kwamba Kenya imepata video yake ya kwanza ya kuwaka mtandaoni. Huku kwetu, kabla hata mtu hajaiona, vijana wa stendi walikuwa tayari wamejifunga vitambaa vichwani.

Nasema hili kwa uchungu kidogo: Makmende aliwafunika. Waulize watu wengi leo kuhusu kundi lile, watakutajia yule mtu wa kitambaa, na albamu wameisahau. Nami naamini 82 ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizowahi kutoka Nairobi. Ni albamu ya furaha iliyofikiriwa. Inakuchezesha halafu, katikati ya kucheza, inakukumbusha kitu, na hujui ni kitu gani, unaendelea kucheza.

Kwa kuwa nyimbo hazikuwa na majina, tulizibatiza. Ulikuwepo wa Pikipiki, ulikuwepo wa Kengele. Mmoja niliuita wa Kusubiri, kwa sababu ulichukua muda kuanza. Baadaye nilipojua kwamba mmojawapo unaitwa Usinibore nilicheka kwa furaha. Neno la Kiingereza limevalishwa Kiswahili kuanzia kichwani hadi miguuni, na lilivyokaa huwezi kusema limeazimwa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisema kila siku, na sikujua kama maneno ya namna hiyo yanaruhusiwa kuwa wimbo.

Sasa mvua. Ilikuwa wiki iliyofuata Pasaka, masika yameshika, na mvua ya kwetu haijui kunyunyiza. Mama alikuwa amenituma sokoni kununua mafuta ya taa, nami nikaketi kwa fundi, saa zikapita. Akaja mwenyewe kunitafuta. Nilimwona kutoka mbali, gambuti miguuni na gunia kichwani, akija kwa mwendo wa mtu mwenye maneno ya kusema. Kabla hajafika, mbingu zilifunguka.

"Mama, ingia ndani, utalowa!" fundi akaita, akamsogezea benchi.

Akaingia. Akakunja gunia, akanitazama, akaufumbua mdomo, na hatukusikia neno. Mvua juu ya mabati ilimeza kila kitu. Ilimeza pia wimbo uliokuwa ukipigwa. Sauti za waimbaji zikapotea, vijisauti vya juu vikapotea. Kilichobaki ni besi peke yake, ambayo haikuja kwa masikio bali kwa benchi, kwa ubao, kwa sakafu ya udongo. Simu zilizolala kwenye safu zilikuwa zikitetemeka kidogo kidogo. Juu mvua ilikuwa ikipiga kwa mpango wake, chini besi kwa mpango wake, na pale katikati vitu viwili hivyo vilianza kukubaliana.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa aibu, kwa hiyo macho yangu yalikuwa chini. Ndiyo sababu niliuona mguu wa mama. Gambuti la kulia, lenye udongo mwekundu hadi kwenye kifundo, lilikuwa likigonga sakafu. Kisigino kilikuwa chini, ncha ikiinuka na kushuka, hasa pale besi iliposhuka. Halafu bega likafuata. Uso wake ulikuwa umeelekea nje, kwenye mvua, mkali kama ulivyokuja. Lakini maji yalikuwa yakimtiririka kutoka nywele hadi shingoni, na katika mwanga ule wa kijivu sikuweza kuyatofautisha na jasho.

Mvua ilipopungua alininyoosha kola. "Mafuta yako wapi?" Tukaenda nyumbani, na njia nzima hakugomba.

Tangu siku hiyo mama aliuita wimbo wa mvua. Binamu akija likizo alimwambia, bila kumtazama, "Ule wa mvua uko kwenye simu yako?" Naye akijibu, "Upo, aunti," mama alijifanya ana kazi jikoni hadi uchezwe.

Nimekuwa mtu mzima nikisoma habari za mashine za muziki kama wengine wanavyosoma habari za ukoo. Ndivyo nilivyokutana na Hiroko Okuda, msichana Mjapani aliyemaliza masomo ya muziki akaajiriwa na Casio, naye akatunga midundo ya kuwekwa ndani ya kinanda kidogo kiitwacho MT-40, kilichotoka 1981. Alikuwa anapenda rege. Mmoja wa midundo yake ulifika Jamaika, na mwaka 1985 Wayne Smith na King Jammy wakautumia kutengeneza Under Mi Sleng Teng, wimbo uliosaidia kugeuza rege kuwa muziki wa mashine. Rege hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye spika ya fundi wetu. Nilipolisoma hilo nilisimama nikatembea chumbani. Mwanamke mmoja amekaa Japani akibonyeza vitufe, na mdundo wake ukazunguka dunia ukaja kutetemesha ubao wa simu Kanyakine, nasi tukidhani ni wa Wajamaika tu. Nilitamani kumwandikia kwamba jasho lipo. Kwamba mtu alilitoa upande ule, na wengine wakalitoa upande huu.

Just a Band walitoa albamu ya Sorry for the Delay mwaka 2012, kisha kila mmoja akashika njia yake. Jim Chuchu na Mbithi Masya waliingia katika filamu. Kati Kati ya Mbithi, ya 2016, ni filamu ninayowaombea watu waione. Blinky Bill alitoa albamu yake mwaka 2018. Fundi alifunga kibanda simu zilipoanza kujijazia nyimbo zenyewe.

Stima ilifika nyumbani kupitia ule mradi wa serikali ulioshusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mama alilipa kidogo kidogo. Nilikuja kutoka Nairobi siku chache baadaye, nikiwa na spika ndogo ya kuchomeka ukutani. Ilikuwa Januari, jua kali, kahawa imetulia. Alikuwa ameketi mezani akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Weka ule wa mvua," akaniambia.

Nikauweka. Kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu ulisikika wote: waimbaji, vijisauti, kila kitu mahali pake, safi kabisa. Mama aliacha kuchambua. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja kama alivyosikiliza kwaya ilipokuwa ikifanya mazoezi.

"Umepungua," akasema.

"Umepungua nini, mama? Huu ndio wenyewe."

Akatazama mabati juu ya vichwa vyetu, makavu, yakilia kwa joto.

"Ule ulikuwa na mvua," akasema, akarudia maharagwe yake.