Marehemu wa Luweyeye

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Sisi wa Niemba hatuwezi kuusahau ule wa mwaka 1960. Tarehe 8, askari 11 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walifika penye daraja la mto Luweyeye, wakalikuta limeharibiwa. Wapiganaji wa Kiluba wakawavamia kwa mishale. Waliokufa katika wale wageni ni 9. Baluba nao walikufa kwa risasi. Vijiji vya Baluba vilikuwa vimechomwa na askari wa Katanga, basi kila Mzungu mwenye bunduki walimdhani adui. Kumbe wengi wa wale wageni walikuwa Wakatoliki kama sisi. Wakazikwa Dublin kwa ibada ya Kanisa letu hili hili.

Juzi, baada ya mafundisho, mama mmoja alituuliza: “Mwalimu, tuwaombee wale pamoja na wazee wetu waliowaua?”

Tulikawia kujibu. Habari za toharani twazijua kwa moyo, ila kuzisema mbele ya watoto wa waliochomewa nyumba ni kazi nyingine. Mwishowe tukaandika nia moja ya Misa: marehemu wote wa Luweyeye.

Mzee mmoja alisimama, akatoka. Dominika iliyofuata alirudi, akaketi nyuma kabisa, karibu na mlango.