Kamshafti ya kakangu na hesabu niliyoisahau

Leo tuache kompyuta kidogo tuingie gereji, ingawa mtaona hatujaenda mbali.

Kakangu ana Toyota Mark II ya otomatiki, injini ya 1JZ-GE, silinda 6, lita 2.5. Mwaka jana aliniuliza aweke kamshafti gani ili gari liongeze nguvu. Kwetu nyumbani mtu wa hesabu ni mimi, basi nikatazama grafu kadhaa nikamwambia achukue ya digrii 272. Kamshafti kama hiyo huziacha vali wazi kwa muda mrefu zaidi, kwa hivyo injini hupumua vizuri ikikimbia. Grafu haikudanganya. Ila mimi nilitazama upande wa kulia tu, kule kwenye mizunguko 6,000.

Ilipofungwa, gari likawa zito kuondoka, na likawa linazimika kila ukiweka D. Fundi akapandisha mizunguko ya gari likiwa limesimama kutoka 700 hadi 1,050 kwa dakika. Halikuzimika tena. Lakini Jumapili moja Mama alishuka kufungua geti, kaka akaweka D, gari likaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Lilisimama hatua moja tu kutoka kwa Mama. Hakupiga kelele. Alifungua geti, akaingia nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anapanda matatu kwenda kanisani.

Kamshafti niliichagua mimi, kwa hivyo ilinibidi nielewe.

Gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Kati ya injini na gia boksi kuna toki konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Upande mmoja huzungushwa na injini na kurusha oili kwenye mapanga ya upande wa pili, nayo yakazungusha gia boksi. Ukiweka D, ukashika breki na kukanyaga mafuta hadi mwisho, injini hupanda hadi mahali fulani ikakwama hapo. Mizunguko hiyo ndiyo stoli.

Nilidhani stoli ni namba ya konveta, kama saizi ya kiatu. Sivyo. Ni mahali ambapo injini na konveta hukubaliana. Mzigo wa konveta hukua kwa mraba wa mizunguko: mizunguko ikiwa mara 2, mzigo huwa mara 4. Kwa hivyo konveta ile ile hupanda juu zaidi nyuma ya injini yenye nguvu, na hubaki chini nyuma ya injini dhaifu.

Kabla ya kamshafti, stoli ya kaka ilikuwa 2,100. Tukapima tena, mawe kwenye magurudumu, handibreki juu, si zaidi ya sekunde 5 kwa sababu oili huchemka upesi. Tukapata 1,850. Gawanya kwa 2,100, piga mraba: 0.78. Kumbe kule chini injini ilikuwa imepoteza karibu asilimia 22 ya nguvu ya kusokota. Kamshafti ilihitaji stoli ipande, na yenyewe ndiyo iliyoishusha!

Na lile la getini? 1,050 kwa 700 ni 1.5, mraba wake 2.25. Gari lilikuwa linasukuma breki zaidi ya mara 2 ya zamani.

Wakati huo kaka alikuwa ameona konveta iliyoandikwa 3,000, na alikuwa karibu kutuma pesa. Nikamwomba siku moja. Niliandika programu ndogo ya Python, mistari kama 30, ya kutafuta mahali mstari wa injini unapokutana na mstari wa konveta. Kisha nikamuuliza muuzaji: hiyo 3,000 ilipimwa na injini gani? Akajibu, yenye taabo, Nm 360. Nikaingiza namba zetu. Kwa injini yetu ingekwama karibu na 2,000. Akiba yote ya kaka ingekwenda, na tungebaki pale pale.

Kamshafti yetu huamka kwenye 2,500. Stoli inafaa iwe juu kidogo ya hapo, lakini chini ya mahali nguvu ya kusokota inapofika kilele. Ukizidisha, injini inapiga kelele gari haliendi, na oili inaungua. Tukaagiza konveta iliyotengenezwa kwa vipimo vyetu: nguvu ya injini, uzito wa gari, na uwiano wa difu. Tukaongeza rejeta ndogo ya kupoza oili ya gia.

Sasa stoli ni 2,650. Mizunguko ya kusimama tumeishusha hadi 950, na ukiweka D gari husogea taratibu kama zamani. Kwenye foleni za mjini linakunywa petroli zaidi. Hilo sijapata programu ya kuliondoa.

Kazini najua vizuri kwamba ukibadilisha data inayotoka programu moja, lazima uiangalie programu inayoipokea. Huku nilisahau, labda kwa sababu ni chuma.

Jumapili iliyopita Mama alikubali kupanda. Tuliporudi, kabla hajashuka kufungua geti, alimgeukia kaka: "Zima kwanza." Kaka akazima. Nami sikutaja hesabu yoyote.

Haya, tuonane.