Jeraha la Moto Katika Reli

Ukionyeshwa, msomaji, ncha mbili za reli, moja iliyokatwa kwa msumeno na nyingine kwa mwali wa gesi, huenda ukadhani kuwa zimetofautiana kwa uzuri tu. Ya kwanza ni laini, ya pili ina mikwaruzo. Mimi hupenda kuwatazama mafundi wa reli kazini, na sikatai kuwa moto una wepesi wa kupendeza. Lakini tofauti iliyo kubwa haionekani kwa macho.

Chuma cha reli si sawa na nondo za nyumba. Kina kaboni kiasi cha sehemu 7 au 8 katika kila 1,000, ili kistahimili kusagwa na magurudumu. Kaboni hiyo ni nguvu yake, na mbele ya moto ni udhaifu wake. Mhunzi huchovya kisu chekundu majini kikawa kigumu. Lakini kisipopashwa tena kwa kiasi, huvunjika kama kigae. Reli haihitaji hata maji. Ukingo uliokatwa huwaka, na mwili wote ulio nyuma yake ni baridi. Basi mwili huo hunyonya joto ghafula, na reli hujichovya yenyewe. Tabaka nyembamba, ya milimita chache, hugeuka ngumu isiyokubali kupinda, na humo huzaliwa nyufa. Ufa hauna haraka. Kila gurudumu lipitalo huupanua kidogo, mpaka usiku mmoja wa baridi, reli ikinywea na kuvutana, hukatika chini ya garimoshi lililojaa watu.

Utauliza: kwani kulehemu hakuyeyushi ncha hizo? Huyeyusha. Katika ufundi wa Mjerumani Hans Goldschmidt, uliotumika kwa reli za tramu mjini Essen mwaka 1899, unga wa alumini na oksidi ya chuma huwashwa, na chuma kiyeyukacho humiminwa katika pengo baina ya ncha zilizokwisha kupashwa moto. Lakini ufa uliopenya kupita mahali palipoyeyuka hufunikwa tu, haufi.

Reli za kwanza za Mombasa, zilizoanza kutandazwa mwaka 1896, zilifungwa kwa bolti. Kiungo kibaya kiliweza kufunguliwa na kutazamwa. Kiungo kilicholehemiwa hakifunguliwi. Ndiyo maana fundi mwangalifu, akilazimika kukata kwa moto, huipasha reli kwanza na kuilehemu mara moja ingali na joto. Au hurudi na msumeno, akakiondoa kipande chote kilichoguswa na mwali, ijapokuwa jua limekwisha kuchwa na wenzake wamechoka kumngoja.