Kapi la Baba

Likizo ya Desemba, kapi la mashua ya baba lilipasuka tukiwa Sio Port. Bila kapi tanga halipandi, na bila tanga baba hafiki kwenye omena. Karo yangu ya muhula ilikuwa humo.

Nilitumwa Busia mjini. Katika duka la vifaa vya ujenzi niliomba kapi, neno nililolipata darasani. Mwenye duka akauliza, "Kapi ndiyo nini, kijana?" Nikamchorea. "Si useme puli!" Akaniletea la kuvutia ndoo kisimani: zito, wazi ubavuni, upepo ukiyumbisha kamba, inachomoka. Nikavuka mpaka hadi Busia ya Uganda. Huko nako lilikuwa lile lile. Mmoja akasema labda Tororo. Jirani yake akacheka: "Tororo kuna mwamba na saruji, mashua ya nini?"

Nikirudi, nilimsimulia fundi wa baiskeli kando ya barabara. Akachakura katika vyuma vyake, akanipa habu kuukuu ya gurudumu la mbele. Kingo zake mbili zingeizuia kamba isitoke. Nilimlipa shilingi 100.

Usiku huo baba alichonga kipande cha mvule, akaipachika habu katikati. Alfajiri tanga letu la viroba lilipanda bila kukwama.

Nilitaka kumweleza kwamba kwa Kiswahili sanifu kinaitwa kapi.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Sasa shika kamba."