Maji ya Motokaa Katika Njia ya Kibumba

Wasomaji wetu wengi wamekwisha sikia habari za Goma, mji uliojengwa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima. Mlima huo ndio Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, nao ulimwaga moto wake mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari mwaka 2002, tena tarehe 22 Mei mwaka 2021. Hayo yamesimuliwa sana. Sisi twataka kusimulia jambo dogo zaidi, ambalo hata hivyo latokana na mlima ule ule: habari ya maji yatiwayo katika motokaa, na jinsi yalivyotusimamisha njiani siku moja ya mwaka 2019, tulipokuwa tukipeleka vitabu na madaftari ya shule Rutshuru.

Toka Goma mpaka Rutshuru ni mwendo wa kilometa 70 hivi. Safari si ndefu, lakini mwanzo wake ni kupanda. Mji wakaa kando ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 juu ya bahari. Ukipita Munigi na kufika Kibati umekwisha karibia mita 1,900, kisha waendelea mpaka Kibumba, nchi ya baridi, yenye mashamba ya kabichi na viazi. Njiani tulikutana na vijana wakishuka na chukudu zao, yale magari ya mti yenye magurudumu mawili, wamepakia makaa na kabichi hata mtu mwenyewe haonekani vizuri. Wao walishuka kwa mbio, sisi tulipanda kwa kuguna.

Motokaa yetu ilikuwa pikapu ya zamani, nayo ilikuwa imepakiwa kupita kiasi. Kosa hilo ni letu, kwa kuwa sisi ndio tuliotaka maboksi yote yaende kwa safari moja. Dereva, mzee aliyezifahamu njia zile miaka mingi, alitazama mshale wa joto mara mbili akanyamaza. Mara ya tatu akasema, "Mwalimu, motokaa inaona kiu." Hatujamjibu bado, mvuke ukafoka mbele yetu hata hatukuiona barabara. Akaegesha mahali tambarare, akazima injini, na kijana wake akatia mawe nyuma ya magurudumu.

Kisha kijana yule, kwa moyo wa kusaidia, akakirukia kifuniko cha rejeta akiwa na kitambaa mkononi. Mzee akampigia ukelele ambao hatujausahau mpaka leo. "Acha! Unataka uso wako uchunike?" Kijana akarudi nyuma, amenywea. Nasi tukaeleweshwa jambo ambalo shuleni tulilisoma ubaoni tu, wala hatukulitia maanani.

Maji yachemkapo pwani, kipimo chake ni digrii 100. Goma, kwa sababu ya kimo chake, huchemka kwa digrii 95 hivi, na Kibumba hupungua tena kidogo. Mama wa nyumbani aweza kulijua hilo kwa maharagwe yake yakawiayo kuiva. Sasa injini nzuri yapenda kufanya kazi katika joto la digrii 80 mpaka 90 na zaidi, maana katika mafuta inayoyachoma, theluthi moja tu hivi yageuka kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto tupu, nalo hutoka kwa moshi na kwa maji. Basi katika nchi za juu nafasi kati ya joto la kazi na joto la kuchemka ni nyembamba sana. Kinachotuokoa ni kile kifuniko. Kina springi ndani yake, nayo huyabana maji hata yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Lakini ukikifungua kungali moto, maji yale yaliyobanwa hugeuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Hapo kitambaa hakisaidii kitu.

Tukangoja. Tulingoja zaidi ya nusu saa, na baridi ya Kibumba ikatuingia mifupani huku injini ikinguruma kwa moto wa ndani kama chungu kilichosahauliwa. Hatimaye mzee akakizungusha kifuniko kidogo kidogo, akasimama, akaacha mvuke utoke, ndipo akakifungua. Rejeta ilikuwa karibu kavu. Akainua bidoni ya akiba: nayo tupu. Kijana alikuwa ameitumia kunawia miguu.

Hapa lazima msomaji aelewe nchi ile. Mvua yanyesha sana, lakini mawe ya mlima yana matundu, na maji huzama ndani yake papo hapo. Kwa hiyo toka Goma mpaka Kibumba huoni kijito hata kimoja. Wakumbukao mwezi wa Julai mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa katika kambi ya Kibumba na kipindupindu kikawaua maelfu, watakumbuka pia kwamba maji yao yalilazimika kupandishwa kwa malori toka chini. Mahali pa namna hiyo ndipo sisi tuliposimama na motokaa yenye kiu.

Akaja mama mmoja na bidoni ya manjano mgongoni, ya lita 20, akitoka kuteka kwenye tangi la mvua la jirani. Mzee akamwamkia, akamweleza shida yetu. Mama akaitazama pikapu, akatazama maboksi, akauliza ni ya nini. Alipoambiwa ni vitabu vya watoto, akaitua bidoni. "Chukueni, baba," akasema, "lakini hayo ndiyo ya kupikia leo." Tuliona haya, nasi hatukujua la kusema. Mzee alipima nusu tu. Aliwasha injini, akayamimina polepole inapozunguka, maana maji baridi yakimwagwa ghafula juu ya chuma cha moto huweza kukipasua kichwa cha injini, na kichwa kikipasuka motokaa imekwisha. Fedha tulizotoa mama alizipokea kwa kukataa kwanza, kama ilivyo desturi. Tukamwahidi pia kumrudishia maji yake.

Rutshuru tulifika jioni, tukienda mwendo wa kinyonga. Asubuhi fundi akaitoa rejeta, akaigeuza kichwa chini. Kilichotoka ni maji mekundu ya kutu, kisha vipande vyeupe kama maganda ya mayai. Fundi akacheka. "Hii imenywa ziwa," akasema.

Na kweli ilikuwa imenywa ziwa miaka mingi. Maji ya Kivu ni mazuri kwa macho, lakini yana chumvichumvi nyingi zitokazo katika chemchemi za chini, karibu gramu moja katika kila lita. Sufuria ya chai ya Goma yaonyesha jambo hilo: baada ya miezi kadhaa ndani yake pana ukoko mweupe. Rejeta ni mirija myembamba sana, na ukoko ule ukishika humo, maji hayapiti tena. Motokaa haifi siku ile uliyoitilia maji ya ziwa. Hufa mwaka wa pili au wa tatu, mlimani, na dereva husema ni bahati mbaya. Kuyachemsha hakutoshi, kwa kuwa chumvi haiondoki pamoja na mvuke. Maji ya mvua ni afadhali, ila si kila mahali: upande wa magharibi wa mlima, kama Rusayo, mvua ipitayo katika moshi wa Nyiragongo hushuka na uchachu uwezao kula mabati ya nyumba, seuze mirija ya rejeta. Yafaayo ni maji yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri, yakichanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta. Wako wasemao dawa hiyo ni ya Wazungu wa nchi za barafu. Wanakosea: huzuia kutu, tena huchelewesha maji kuchemka. Lakini ni sumu, na ina utamu, basi isiachwe karibu na watoto wala mbwa.

Fundi yule alituonyesha mengine pia. Vumbi la mawe meusi lilikuwa limeziba mapezi ya rejeta, akaliosha kwa maji ya nguvu kidogo, akianzia upande wa injini kuelekea nje. Mpira wa maji wa chini ulikuwa laini kama ndizi mbivu. Kifuniko kilikuwa cha motokaa nyingine, springi yake imelegea. Huenda hicho peke yake kingetosha kutusimamisha. Tena akagundua kwamba themostati, kile kimlango kifungukacho maji yapatapo moto, iliondolewa zamani na fundi mwingine. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanaipoza injini. Katika nchi yenye asubuhi baridi kama Kivu, injini isiyo na themostati hukawia kupata moto wake, hunywa mafuta mengi na kujisaga bure. Kuirudisha kulitugharimu zaidi ya tulivyopenda, hata tukaahirisha kununua ramani ya darasa la sita.

Siku ya tatu tulirudi. Kibumba tulisimama, tukamtafuta mama yule, tukamwachia bidoni mbili zilizojaa maji ya Rutshuru. Alizikagua, akanusa, akacheka kwamba tumelipa riba. Wengi wa jirani zake, mwezi wa Novemba mwaka 2022 vita vilipofika kwao, walishuka kwa njia ile ile mpaka Kanyaruchinya, bidoni mgongoni.

Toka hapo ni kuteremka tu mpaka ziwani. Mshale ulikaa katikati, wala haukutikisika. Lakini mzee hakuacha kuutazama mpaka tulipoingia Goma.